Mgeni Aliyeshuka Lawu

Sogeeni, wajukuu, na mwenye miguu mirefu aikunje, mwenzake naye apate mkeka. Hii nawapa kama nilivyopewa na Sumiyati mwenyewe, tukichambua mboga uani kwake. Pale aliponyamaza, na mimi nitanyamaza, msinibane.

Ilianza na kitu kidogo tu, salamu ya njiani.

Pranoto, mume wa Sumiyati, fundi cherehani wa hapa kwetu Solo, alikuwa anashuka Mlima Lawu na shemeji yake Tukiman. Wamechoka. Wakakutana na mwanamke anapanda, mtu mzima, kapu la kusuka mgongoni, kitambaa cha kahawia kichwani. Wakapishana. Sasa nyinyi mnajua desturi yetu. Ukipishana na mtu, hata kama humjui, unamwambia, "Karibu nyumbani, upite siku moja." Yeye anakujibu, "Ahsante, inshallah." Kila mmoja anashika njia yake, na hakuna aliyewahi kupita kwa mwenzake tangu dunia iumbwe.

Pranoto akasema vilevile, kichwa kimeinama kwa adabu. "Karibu nyumbani, Mama. Upite siku moja."

Yule mwanamke akasimama. "Nyumbani kwako ni wapi?"

Pranoto akacheka kidogo, akajikuna shingo. Utamwambiaje mtu mzima kwamba ulikuwa unasema tu? Akamwelekeza. Solo, kichochoro cha nyuma ya msikiti mdogo, nyumba yenye mlango wa kijani, cherehani iko barazani.

"Mlango wa kijani," mama yule akasema, kama mtu anayefunga kitu kwenye pindo la nguo asikipoteze. "Nitapita."

Akaendelea kupanda. Tukiman ndiye aliyegeuka kumtazama. Njia ile ilikuwa tope linalomeza viatu, na mama yule alikuwa miguu mitupu, na nyayo zake zilikuwa safi kama ametoka kuoga sasa hivi.

"Mas," Tukiman akanong'ona, maana ndivyo tunavyomwita mwanaume kwa heshima, kama kaka, "umeona miguu yake?"

"Wewe kila mwanamke unaangalia miguu. Shuka."

Na ndani ya mfuko wa Pranoto, amefungwa kwenye saruni, alikuwamo ndege.

Ngoja niwarudishe juu kidogo, mjue ndege huyo katoka wapi.

Safari aliitaka Tukiman. Kijana wa maneno mengi, yule, muuza mipira ya nyama mtaani, na maisha yake yote Lawu anauona kwa mbali asubuhi tu. Anataka aende akasimame kileleni, aone jua linatoka, apige picha awaringie wenzake. Pranoto akasema haya, twende, nguo za watu zitangoja. Wakapakia wali kwenye majani ya mgomba, wakapanda pikipiki mpaka kwenye mashamba ya chai, wakaanza kupanda kwa miguu.

Ule mlima umelala, moto wake umelala tangu mababu wa mababu, lakini kulala si kufa. Kuna mahali ubavuni mawe yanatoa moshi, na harufu ni ya yai bovu, na ukiweka kiganja chini unasikia ardhi ina joto kama tumbo la mtu. Wanaopanda wanafundishwa: usiseme umechoka, usiseme baridi, usiguse cha mlima. Tukiman alisema vyote viwili kabla hawajafika nusu ya njia, tena kwa wimbo. Cha tatu hakukifanya yeye.

Walipopita yale mawe ya moshi, ukungu ukashuka. Si ule ukungu wa kupendeza. Huu ulishuka kama mtu ameshusha pazia. Pranoto ananyoosha mkono, vidole havioni. Wakaitana, sauti inarudi kutoka upande ambao si wake. Mguu wa Tukiman ukakanyaga hewa. Akaanguka kwa makalio, jiwe likaporomoka chini, na wakasikiliza, na wakasikiliza, na hawakulisikia likifika.

Hapo ndipo alipokuja yule ndege. Wa kijivu, mdomo wa manjano, hana uzuri wowote. Akatua karibu kabisa na viatu vyao, akarukaruka mbele, akasimama, akageuza kichwa kuwatazama. Wakisogea, naye anasogea. Wakisita, anangoja. Akawatoa pale, akawapeleka juu taratibu, kama bibi anayemshika mjukuu mkono kwenye utelezi, mpaka ukungu ukabaki chini ya miguu yao, na jua likatoka.

Tukiman akalia. Alisema ni moshi.

Wakafungua wali, na ndege akaja akala kiganjani mwa Pranoto. Akafungua mdomo akaimba. Sasa, mwanaume wa Solo na ndege! Mwanaume wa kwetu asiye na tundu la ndege barazani ni kama amevaa shati kasahau suruali. Pranoto alikuwa na njiwa wake wawili, anawapeleka kwenye mashindano, wanarudi hawajashinda chochote. Na hapa kiganjani mwake kuna sauti ambayo hajawahi kuisikia, kama maji yanaingia kwenye mtungi wa shaba. Mkono mmoja unalisha. Mkono wa pili unatafuta kikopo cha ulimbo mfukoni.

"Mas, unafanya nini?"

"Shika tawi hili."

"Mas! Huyu ndiye aliyetutoa kule. Bila yeye dada yangu ni mjane!"

"Ndiyo maana nampenda. Nitamlea kama mwanangu. Shika tawi."

Tukiman hakushika. Lakini hakumzuia pia. Ndege alipokanyaga ulimbo hakupapatika, hakulia. Alimtazama tu Pranoto, kichwa upande, vilevile alivyowatazama kwenye ukungu.

Basi, wakarudi. Mlangoni wakapokewa na Kinanti, binti yao, mtoto wao wa pekee, waliyempata baada ya kungoja mpaka watu wakaanza kumshauri Pranoto mambo ya ovyo. Na mtoto anaongea huyo! Akila anaongea, akioga anaongea, akipanda baraza anaimba wimbo wake wa kuhesabu ngazi, akiwa peke yake anaongea na cherehani. Mama yake alikuwa anamwambia, "Nduk, mwanangu, ipishe hewa nayo ipite." Mtaa mzima tulimjua kwa sauti kabla hatujamwona kwa macho.

Ndege akatundikwa barazani. Asubuhi yake wale njiwa hawakuimba. Pranoto akadhani wana wivu. Sumiyati yeye alinusa. Akafagia baraza, akamwaga maji ya sabuni, akatafuta yai lililovunjika chini ya kabati. Hakuna yai. Harufu ipo. Na maji ya pipa la bafuni, yanayokaa baridi hata wakati wa jua kali, alipochota kopo kujimwagia, yalikuwa vuguvugu.

Siku hiyo, magharibi inaingia, Sumiyati yuko jikoni anakaanga, Kinanti kakaa chini karibu na miguu yake anamenya vitunguu saumu. Kutoka barazani sauti ikaita.

"Mama."

"Naam, mwanangu," Sumiyati akajibu, mwiko uko kwenye mafuta. Kisha mkono ukasimama. Akatazama chini. Mtoto alikuwa anamtazama yeye, macho makubwa, kitunguu mkononi.

"Umeniita wewe?"

Kinanti akatikisa kichwa.

"Mama," barazani ikaita tena. Sauti ya Kinanti. Na kile kikwaruzo chake kidogo mwishoni.

Kinanti akafungua kinywa amwambie mama yake kitu, midomo ikakutana, ikaachana, haikutoka sauti. Akajaribu tena. Akasema, "Maji." Akasema, "Kitunguu." Yalitoka vizuri. Lakini lile neno la kwanza alilojifunza duniani, lile la kumwita mama yake, halikuwamo tena kinywani mwake.

Pranoto alifurahi! Nawaambia ukweli, alifurahi, alikuja mbio na saruni inamvuka. "Sumi, umesikia? Anaongea! Mashindano yote ya mwaka huu ni yangu!"

"Mas, mtoto hawezi kuniita."

"Koo hilo. Mpe tangawizi."

Alipewa tangawizi. Kesho yake ndege akasema "maji", na Kinanti akawa anaonyesha bilauri kwa kidole. Kisha ndege akasema "njaa". Akasema "Bapak", akimwita Pranoto baba, na hapo Pranoto akaacha kucheka. Wakampeleka mtoto kwa daktari, akamulikwa koo, akaambiwa koo ni zima. Neno moja likichukuliwa asubuhi, jingine jioni, mtoto akawa anayabana yaliyobaki, hataki kuyatumia, kama mtu aliyeficha vitu vyake chini ya godoro, na bado yalikuwa yanachukuliwa, mpaka yakaisha. Lakini maneno yalipoisha ndege hakunyamaza. Akachukua kicheko. Akachukua kikohozi. Akachukua kilio, na hilo ndilo Sumiyati alishindwa kunisimulia vizuri, kwamba mtoto alikuwa analia mapajani mwake, machozi yanatiririka, kifua kinapanda na kushuka, na kimya, kimya kabisa, na sauti ya kilio hicho inatoka barazani kwenye tundu, kwikwi kwa kwikwi, inakwenda sawa na kifua cha mtoto.

Pranoto akatoka, akafungua kijimlango cha tundu. "Nenda. Nenda zako, rudi kwenu!" Ndege akakaa. Akapindua tundu, akalitikisa, ndege kashika kijiti chake, anamtazama. Basi Pranoto akaingiza mkono, akamshika shingo, akaanza kukaza. Ndani Sumiyati akapiga ukelele. Kinanti alikuwa ameshika shingo yake mwenyewe, ulimi nje, uso unabadilika rangi. Pranoto akaachia. Vidole vyake vilikuwa vimeungua kama ameshika chungu cha moto.

Mchana wa siku hiyo ikanyesha mvua, ile mvua yetu inayofuta upande wa pili wa kichochoro. Sumiyati kakaa barazani kamkumbatia mtoto. Akaona mtu anakuja katikati ya mvua, hana mwavuli, hana haraka. Kapu mgongoni. Miguu mitupu. Akapanda ngazi ya baraza, na pale alipokanyaga sakafu ikatoa mvuke, na nguo yake ilikuwa kavu kama imetoka kabatini.

"Samahani kwa usumbufu," akasema, kwa ule upole wa watu wazima wa zamani. "Mume wako alinikaribisha."

Mgeni mtu mzima, mvua inanyesha, kasema amekaribishwa. Ulimi wa Sumiyati ulikwenda wenyewe. "Karibu, Mama. Karibu ukae."

Akakaa. Hakuvua kapu mpaka alipotandikiwa mkeka. Ndege, ambaye hakuwahi kupapatika tangu aletwe, akaanza kupiga mabawa kwenye tundu, na akalia kwa sauti yake mwenyewe, ile ya maji kwenye shaba, mara moja tu.

"Naam, mwanangu," mama yule akajibu. "Maliza kwanza."

Sumiyati alisema harufu ile ya yai bovu ilipanda mpaka akaisikia kwenye meno. Akasema polepole, asimwamshe mtu, ingawa hapakuwa na aliyelala, "Mama, kama huyo ni wako, mchukue. Mlango wa tundu uko wazi. Tusamehe, mchukue."

"Sikuja kumchukua. Nimekuja kumngoja." Akamtazama Kinanti, bila chuki, kama mtu anatazama nguo dukani. "Nilisikia wanaume wawili wanaitana kwenye ukungu. Wanaita kama watoto. Nikamwambia mwanangu, nenda kawatoe, wana watu nyumbani hao. Akaenda. Akala mkononi mwa mume wako. Sasa anakusanya. Ameshachukua maneno, amechukua kilio, imebaki pumzi. Akimaliza, nitaondoka nao wawili. Mume wako atabaki na tundu. Tundu ni lake, mimi siyo mwizi."

"Kinanti hakukuibia."

"Na wangu alimwibia nani?"

Sumiyati akainuka. Akaleta chai, angefanya nini? Mgeni akalichukua birika likiwa linachemka, akanywa kwenye mdomo wa birika, taratibu, akarudisha.

Hakuondoka. Alikaa pale kwenye mkeka wa baraza, hali, halali, hasinzii. Sisi majirani tulipita, tukaona mkeka mtupu unatoa mvuke, tukadhani Sumiyati kamwaga maji ya moto. Pranoto alisoma Ayatul Kursi mbele yake, akaisoma mpaka mwisho. Yule mgeni akaisikiliza kwa heshima, viganja viko mapajani, na ilipoisha akamwambia, "Umekosea pale katikati," akamrekebisha. Na Kinanti akaanza kupumua kwa kifupi. Kwenye tundu kuna mtu anavuta pumzi ndefu za usingizi mzuri wa mtoto, na chumbani mtoto mwenyewe anavuta kama anapumua kupitia sindano.

Tukiman akachukua pikipiki akaenda mpaka kwenye mashamba ya chai, akarudi na Mbah Marto nyuma yake; Mbah kwetu ni babu au bibi, mzee yeyote wa kuheshimiwa. Mzee huyo anaangalia makaburi ya chini ya mlima, amekauka kama ganda la mua, sigara ya karafuu haitoki mdomoni hata akikohoa. Akapita barazani, akamwinamia yule mama, yule mama naye akamwinamia. Wanajuana. Akaingia ndani, akakaa, kwanza akaomba ndizi za kukaanga.

"Mbah, mfukuze," Pranoto akamwambia, sauti ya chini. "Chochote unachotaka, mfukuze."

"Nimfukuze? Jini aliyeingia kwa dirisha namfukuza. Aliyeingia kwa dohani, sijui kwa choo, namfukuza. Huyu ulimwambia karibu, ukampa na ramani! Huyu ni mgeni, mpumbavu wewe. Mgeni hafukuzwi. Mgeni anaaga." Akatafuna ndizi. "Nitazungumza naye. Ana hasira, lakini ana adabu, adabu kuliko wewe. Akikubali, ataaga. Na hapo ndipo ninapowaogopa nyinyi."

"Sisi?"

"Nyinyi watu wa Solo mna ugonjwa. Mgeni akisema anaondoka, mnamng'ang'ania. Sasa sikilizeni. Akiaga, kimya. Msimjibu. Msiseme karibu tena, msiseme salamu kwa nyumbani. Mkisema akae, amekaa, na mimi siwezi tena, na baba yangu kaburini hawezi. Hebu tujaribu." Akasimama, akajipangusa, akajifanya mgeni, sauti laini. "Basi jamani, mimi naomba ruhusa nirudi nyumbani."

"Ah, Mbah, mbona mapema, hata hujala—" Tukiman akasema, akajiziba mdomo.

Mzee akampiga kofi la kisogo. "Umemuua mpwa wako! Tena!"

Wakajaribu tena na tena, mpaka Sumiyati akaweza kubaki kimya huku machozi yanamtoka kwa aibu ya kumnyamazia mgeni, na Tukiman akaamua ataweka pindo la shati lake mdomoni na kuling'ata. Kinanti alikuwa chumba cha pili, juu ya kitanda, macho yamefumba, anavuta pumzi zake za sindano.

Alasiri karamu ya kumuaga mgeni ikatandikwa. Wakapika wali wa manjano, wakauinua kama mlima, kuku mzima pembeni, mayai, mboga na mchuzi wa karanga, na birika la chai. Kinanti akabebwa akalazwa kwenye mkeka, kichwa kwenye paja la mama yake. Mbah Marto akamkaribisha yule mama, naye akaingia kutoka barazani na tundu mkononi, akaliweka mbele yake, na kila mahali alipopita saruji ikabaki na alama za nyayo zilizokauka, na chumba kikawa cha moto kiasi kwamba mafuta ya kuku yakaanza kuchemka tena kwenye sahani.

Mzee alizungumza naye kwa sauti ya chini, kwa lugha ya heshima, muda mrefu. Hawakusikia mengi. Walimsikia yule mama akisema, "Hapana." Akasema tena, "Hapana." Kisha Pranoto akatambaa kwa magoti akapita wali, akapita wote, akaweka paji la uso kwenye sakafu inayounguza mbele ya miguu ile misafi.

"Mimi ndiye," akasema. "Mkono huu ulimlisha na huu ukamnasa. Chukua kwangu. Sauti yangu, pumzi yangu, chochote. Mtoto umwache."

Yule mama akainama karibu na kisogo chake.

"Pumzi sitaki," akasema. "Ukifa utapumzika. Nataka uishi kila siku ukitaka kumwita mwanao na usiweze. Hiyo ndiyo niliyokuwa nayo mimi pale juu, ninaita mlima mzima na hanijibu. Umekubali?"

"Nimekubali."

"Sema la mwisho."

Pranoto akageuka kwa mke wake. Paji la uso lilikuwa limeungua. "Sumi," akasema, "nisa—"

"—mehe," ndege akamalizia kwenye tundu, kwa sauti nene ya mwanaume.

Pranoto akaendelea kutikisa midomo. Hakuna kitu.

Hapo hapo ndege akatanua mdomo, na vyote alivyomchukulia mtoto vikaanza kumtoka. Vilitoka kama nafaka gunia likipasuka. Mama, maji, kitunguu, njaa, Bapak, kicheko, kikohozi, wimbo wa kuhesabu ngazi, kilio, kilio, kilio, na mwisho pumzi moja ndefu. Kinanti akavuta hewa, mgongo ukainuka kwenye mkeka, rangi ikarudi midomoni. Akafumbua macho. Sumiyati alimshika uso kwa viganja vyote viwili na hakuthubutu hata kunong'ona.

Yule mama akaingiza mkono kwenye tundu. Ndege akapanda kidoleni, akaruka begani, akajificha shingoni kwenye kitambaa cha kahawia, na kwa mara ya kwanza mgeni yule akaonekana mchovu, mzazi aliyechoka tu kama wazazi wengine. Akavaa kapu. Akasimama kwenye kizingiti, akageuka kama mtu mwenye adabu zake anavyopaswa kugeuka.

"Basi jamani," akasema, "mmehangaika sana kwa ajili yangu. Naomba ruhusa nirudi nyumbani."

Kimya. Tukiman kang'ata shati mpaka linatoa maji. Sumiyati kafumba macho. Mbah Marto anatazama chini, sigara imezimika mdomoni na hajui. Mgeni akangoja, kwa sababu mtu haondoki hajaruhusiwa, akangoja kwa heshima, na wao wakanyamaza kwa nguvu zote walizokuwa nazo, na ule unyamavu ukamlegeza, wakamwona analegea, wakamwona mguu mmoja unavuka kizingiti kwenda nje, na nje mvua ilikuwa imekatika na kichochoro kinang'aa.

Walikuwa wameambizana wote. Walikuwa wamefundishana wote, wakapigana na makofi. Lakini nani angemwonya mtoto ambaye hana sauti?

Kinanti alikuwa amekaa wima kwenye mkeka. Alimwona mgeni mlangoni, mtu mzima, anaaga, na wakubwa wote kwa ajabu wamekaa bubu, hakuna anayemjibu, na mama yake alimlea vizuri yule mtoto. Akakunja mikono mapajani. Akainamisha kichwa kidogo. Na sauti yake, ile tuliyoijua mtaa mzima, na kikwaruzo chake mwishoni, ikatoka safi kabisa:

"Mbona haraka, Mbah? Chai bado ya moto."

Pranoto aliruka juu, kinywa wazi, mishipa ya shingo imesimama, anapiga ukelele wa mtu anayeona nyumba yake inaungua, na haukusikika hata na inzi aliyekuwa juu ya wali.

Mguu uliovuka ukarudi ndani.

"Jamani," mgeni akasema, na uso wake ukalainika, "mtoto kalelewa huyu." Akavua kapu. Akalitua karibu na mlango, pale mwenyeji anapoweka vitu vyake. Ndege akashuka begani, akarukaruka juu ya mkeka mpaka gotini kwa Kinanti, akageuza kichwa, akamtazama. "Basi ngoja nikae kidogo."

Akaja akaketi karibu na mtoto, akamwekea mkono kichwani, na nywele za Kinanti zikaanza kutoa mvuke taratibu.

Sumiyati akainuka, akashika birika, akaenda jikoni kubandika maji mengine.